Uzi: Miji iliyochorwa kutoka angani miaka 400 kabla ya ndege, na wakubwa waliokuwa wanaitaka

Mzee wa Dira (mwenye uzi):

Wakuu salama humu ndani. Leo sina habari za mpira wala uchaguzi, nina picha moja inanisumbua kichwani wiki ya pili sasa nikaona bora niimwage hapa, maana humu kuna wapimaji ardhi, kuna wachora ramani za nyumba, mtanirekebisha nikiteleza.

Picha yenyewe ni ya mji wa Venice kule Italia, imechapwa mwaka 1500. Walichonga mbao sita za mpea, wakazipaka wino, wakachapa karatasi sita kubwa, ukiziunganisha unapata kitu cha kama mita 1.35 kwenda juu na mita 2.8 kwenda upande. Yaani ukiibandika sebuleni inameza ukuta wote wa nyuma ya kochi. Na mji mzima umo. Mifereji, makanisa, madirisha, mabomba ya moshi juu ya mapaa, mitumbwi, bustani za watu nyuma ya nyumba. Na vyote unaviangalia kwa juu kama vile kuna mtu karusha droni upande wa kusini akaielekeza kaskazini, mpaka milima ya Alps inaonekana kule mwisho.

Sasa jiulize droni ya mwaka 1500 imetoka wapi. Venice hakuna hata kilima cha kupanda, mji umekaa kwenye maji, tambarare kama sinia. Jamaa aliyechora anaitwa Jacopo de' Barbari, na pale picha inapotazamia hajawahi kusimama yeye wala binadamu yeyote. Ilichofanyika ni kupanda minara ya kengele za makanisa, na Venice minara ilikuwa kama mia hivi, kila mnara unachora kinachoonekana kwa karibu, halafu vile vipande vinashonwa mezani kama mtu anayeshona shuka la viraka mpaka viraka visionekane. Ndo maana ukiilinganisha na ramani ya kisasa unakuta kuna mahali pamevutwa na kuna mahali pamebanwa. Kazi ilikula miaka mitatu.

Juu kabisa kwenye mawingu kamkalisha Mercury, yule mungu wa biashara wa Warumi, na maandishi ya Kilatini kwamba anauangazia mji huu kuliko masoko mengine. Chini kwenye maji yuko Neptune mungu wa bahari kapanda dude kama pomboo, naye ana kibao chake kwamba anakaa hapa na kutuliza maji ya bandari. Ukivuta mstari kutoka kwa huyu kwenda kwa yule unapita pale uwanja wa San Marco, kwenye ikulu ya Doge, yaani mkuu wa serikali. Upande wa kulia kuna Arsenale, karakana ya kuundia meli za vita, imezungushiwa ukuta, kubwa kama mtaa. Pembeni pande zote kuna vichwa vinane vya pepo vinavyopuliza. Watu wamo ila wadogo kama sisimizi, wanapiga makasia, na maji yametulia tuli.

Hapo ndo pananikera kwa uzuri wake. Maana huo mwaka maji hayakutulia hata kidogo. 1499 meli za Venice zilipigwa na Waturuki wa Osmani vita ya Zonchio, mji wa Lepanto ukaangukia mikononi mwao. Agosti 1500 zikatekwa Modon na Coron kule Ugiriki, ngome mbili ambazo Wavenice wenyewe walikuwa wanaziita macho mawili ya Jamhuri. Na 1499 hiyohiyo Vasco da Gama karudi Lisbon kutoka Calicut kule India, kapita Malindi kachukua rubani, kwa hiyo njia ya pilipili manga inayozunguka Afrika imeshapatikana na Venice iliyokuwa inakula kwa kuuza pilipili hiyo imeanza kutoka jasho. Picha inatoka Oktoba 1500. Miezi miwili baada ya kung'olewa macho, mji unajichora hauna hata kovu.

Nitaendelea, nina Florence, nina Wahispania, na mwishoni nina kitu cha kwetu pwani msikose.

Kokoto:

Nimeweka jamvi. Ila mkuu uzi bila picha ni kama pilau bila nyama, tupia picha.

Mzee wa Dira:

Kokoto tafuta jina la mchoraji na mwaka itakuja yenyewe, na uifungue kwenye kompyuta sio kwenye simu, kwenye simu utaona utitiri mweusi tu. Ivute pole pole. Mimi nilipotea humo saa nzima natafuta daraja la Rialto, nikalikuta ni la mbao, katikati linafunguka meli zipite.

Msomaji Kimya:

Uzi mzuri lakini mi sijaona siasa hapo. Mchoraji kachora mji mzuri, mtu kanunua kabandika ukutani. Kwani kalenda za wakala wa utalii zenye picha ya Mlima Kilimanjaro nazo ni siasa? Tusilazimishe kila kitu.

Mzee wa Dira:

Swali zuri na nusu yake uko sahihi mkuu. Serikali ya Venice haikuagiza hii picha. Aliyelipia ni mfanyabiashara Mjerumani wa Nuremberg aliyekuwa anaishi Venice, Anton Kolb. Na tunajua kwa sababu tarehe 30 Oktoba 1500 aliandika ombi kwa serikali na ombi lipo mpaka leo. Alikuwa anataka mtu mwingine asiige hiyo kazi kwa miaka minne, aruhusiwe kuisafirisha bila ushuru, na aiuze dukati tatu, yaani sarafu za dhahabu za Venice, kwa kopi moja.

Ila sasa soma sababu alizotoa. Anasema kwanza kabisa kazi hii ameifanya kwa ajili ya sifa ya huu mji mtukufu wa Venice, halafu ndo anaeleza ilivyo ngumu na ilivyo ya gharama, karatasi kubwa ambazo hazijawahi kuonekana na kadhalika. Yaani jamaa anataka kukwepa ushuru, na anajua mlango wa kugonga ni upi. Si kwamba waziri alimwita akamwambia nichoree mji uonekane hivi. Alijichorea mwenyewe kwa kunusa wakubwa wanapenda nini, na kwangu mimi hiyo ndo siasa iliyokomaa zaidi kuliko ile ya kupewa amri. Kalenda ya Kilimanjaro haiendi kuomba msamaha wa kodi kwa jina la heshima ya nchi. Au inaenda, sijui, tuulize wenye kalenda.

Binti Bandarini:

Hahaha mkuu umenikumbusha kazini. Mimi nachora picha za majengo kwa kompyuta, zile za kuonyesha mradi utakavyokuwa ukiisha. Kuna kazi moja nilichora mtaa kama ulivyo, na vibanda vya mama lishe, na bodaboda kijiweni, bosi akaangalia akasema toa hao wote weka miti na mtu anatembea na mbwa. Nikamuuliza mbwa wa nini mtaa ule, akaniambia mteja anapenda mbwa. Sasa nikisoma Neptune na pomboo wake nasema kumbe ni biashara ya siku nyingi.

Msomaji Kimya:

Sawa nimekuelewa kidogo. Endelea na hao wengine tuone kama utanishawishi.

Mzee wa Dira:

Haya twende Florence, hapa ndo pana utamu.

1529 Florence, mji mwingine wa Italia, ilikuwa jamhuri, imewafukuza ukoo wa Medici waliokuwa wanautawala miaka miwili nyuma. Tatizo ni kwamba Papa wa Roma wakati huo, Clement VII, ni Medici mwenyewe, na anataka mji wa nyumbani urudi kwa ukoo. Akaelewana na Charles V, yule mfalme wa Hispania ambaye ndo huyohuyo kaisari, jeshi likaja likauzunguka mji kuanzia Oktoba 1529. Miezi kumi. Watu wakala punda na panya, tauni ikaingia humohumo. Michelangelo yule wa sanamu alikuwa ndo msimamizi wa ngome, mnara wa kanisa la San Miniato kule kilimani aliutundikia magodoro na marobota ya sufu ili mizinga isiubomoe.

Sasa Papa yuko mbali, anataka kuona vita inavyokwenda. Barua peke yake hazimtoshi. Kukawa na fundi saa mmoja ndani ya Florence, Benvenuto della Volpaia, na mchonga sanamu kijana anaitwa Tribolo, wakapewa kazi ya siri ya kutengeneza mfano wa mji mzima na vilima vyake. Usiku wanatoka kupima barabara, wanapanda minara, kila kitu wanakipima kuanzia kwenye lile kuba kubwa la kanisa kuu kama kitovu. Wakatengeneza vipande vipande kwa yale magome mepesi wanayotengenezea vizibo vya chupa za mvinyo, ili mzigo usiwe mzito. Halafu wakavificha ndani ya marobota ya sufu kama bidhaa za kawaida zinazokwenda mji wa Perugia, vikatoka mjini vikafika kwa Papa. Vasari, mchoraji aliyeandika maisha ya wasanii, ndo katuhifadhia hii habari. Papa akauweka ule mji wa vizibo chumbani kwake, kila barua ikija inasema jeshi limehama kutoka hapa limekwenda pale, yeye anaangalia kwenye mfano wake.

Fikirieni tu. Mji una njaa, watu wanakufa ukutani, na mzee mmoja yuko chumbani Roma anauangalia wote kwa juu, mdogo kama sinia la vyombo, na ndiye aliyeuzungushia jeshi.

Agosti 1530 mji ukasalimu amri. Medici wakarudi. 1537 akashika madaraka kijana wa miaka 17 wa ukoo huohuo, Cosimo, akawa ndo Duke, yaani mtawala wa mji, na huyu hakuwa mchezo. Akahamia kuishi kwenye jengo la serikali ya zamani ya jamhuri, ndo hilo leo linaitwa Palazzo Vecchio, akampa Vasari kazi ya kupaka rangi vyumba vyote. Chumba kimoja kikapewa jina la Clement VII, na ukutani ukachorwa huohuo mzingiro wa 1530. Picha ipo mpaka leo, aliyeshika brashi ni Stradano kwa maelekezo ya Vasari.

Angalieni mchoraji kasimamia wapi. Kusini, vilimani, upande wa jeshi. Mbele yako kuna mahema, mizinga, wanajeshi, na kule mbele mji na kuba lake umekaa kimya. Yaani wewe mgeni wa Duke ukiingia hapo unasimamishwa kwenye kambi ya waliouzingira. Ndani ya jengo lilelile la waliozingirwa! Watoto wa wale waliokula panya wanakuja kuomba cheo kwa Duke na wanauona mji wao kwa macho ya mzinga.

Na Vasari hakuficha alivyofanya. Anaeleza kwamba kutoka sehemu moja usingeweza kuona yote kwa sababu vilima vinazibana, kwa hiyo alipanda mahali pa juu kabisa na hata juu ya paa la nyumba, akatumia dira, vilivyojificha akavifichua. Anajisifu kabisa kwamba ni sahihi. Na kwa vipimo ni sahihi kweli.

Kokoto:

Duh hiyo ya vizibo ndani ya marobota imenimaliza. Hao jamaa wawili wangekamatwa wangenyongwa asubuhi hiyohiyo.

Kitasa:

Mimi nina swali la kiufundi. Kama Papa alihitaji kuiba mfano wa mji ili apigane, maana yake picha ya mji ni silaha. Sasa Venice wanaachaje mtu aichape na kuiuza nje, tena na karakana ya meli za vita imo ndani? Si ni kumpa adui funguo? Hapo hoja yako inagongana yenyewe kwa yenyewe.

Mzee wa Dira:

Kitasa hapo umegusa kidonda chenyewe, na mimi ilinichukua muda. Jibu langu ni kwamba kulikuwa na picha za aina mbili na tusizichanganye. Kuna ya sandukuni na kuna ya ukutani.

Ya sandukuni mfano mzuri ni Imola. 1502 Leonardo da Vinci alikuwa anafanya kazi kwa Cesare Borgia, mtoto wa Papa Alexander VI, jamaa anayeteka miji kama anaokota maembe. Leonardo akachora mji wa Imola na hakuuchora kwa pembeni wala kwa mbingu yenye miungu. Umechorwa kwa juu wima kabisa, kila nyumba ni alama tu, duara limezunguka na mistari ya pepo nane, pembeni kaandika umbali wa kwenda Bologna na miji mingine. Hakuna boti, hakuna milima ya mbali, hakuna sifa. Mtu wa mizinga akiishika hiyo anajua aelekeze wapi. Haikuchapwa, haikuuzwa, ni ya bosi na mtu wake.

Sasa ile ya Venice jaribu kupigania nayo vita. Mifereji imevutwa, vipimo vimebanwa, kina cha maji hakuna, na Venice ulinzi wake wote ulikuwa kwenye kina cha maji, kujua meli ikwame wapi na ipite wapi. Arsenale unaiona ukuta na meli zimejaa, unatishika, lakini hujaambiwa kitu ambacho balozi yeyote aliyewahi kutembezwa pale hakijui. Kwa hiyo adui akinunua kwa dukati tatu amenunua tangazo. Pesa yake, woga wake.

Kilichonifurahisha ni kwamba picha hizi huhama kutoka kundi moja kwenda lingine. Ule mji wa vizibo ulianza kama wa sandukuni, miaka 30 baadaye mandhari yaleyale yako ukutani kwa Cosimo, silaha imekuwa kumbukumbu ya ushindi.

Na kuna iliyokwenda kinyume chake. Philip II wa Hispania, mtoto wa Charles V, 1561 aliamua kukaa Madrid moja kwa moja wakati baba yake alikuwa mfalme wa kuzunguka kama mchuuzi, leo Flanders kesho Italia. Sasa wewe mfalme umekaa sehemu moja, miji yako utaionaje? Ndo akamtuma mchoraji wa Flanders, Anton van den Wyngaerde, kuanzia 1562 azunguke Hispania achore miji mmoja mmoja. Tumebakiwa na picha za miji 62. Barcelona, Toledo, Sevilla, Granada. Nyingine zikapakwa rangi zikawekwa ukutani kwenye ikulu ya Alcázar ya Madrid. Yaani mabalozi wakiingia wanapishana na miji imejipanga pembeni kama watu wanaosubiri kusalimia. Mchoraji akafa 1571, michoro yake haikuchapwa, ikatawanyika, leo iko Vienna, London na Oxford. Na zile za ukutani ziliteketea na ikulu yenyewe ilipoungua 1734. Ilianza kwa ajili ya ukuta ikaishia makabatini kwa watu wengine.

Granada kaichora 1567. Mji mzuri, majumba ya Alhambra yapo juu, umetulia. Mwishoni mwa 1568 Wamorisko, wale Waislamu waliobatizwa kwa nguvu, wakainuka huko milimani na ikawa vita ya zaidi ya miaka miwili, baada ya hapo wakahamishwa kwa maelfu kutoka Granada. Kwenye picha hauoni hata moshi.

Msomaji Kimya:

Nimeshawishika, nakubali yaishe. Ila naona umekaa upande wa wakubwa tu. Hakuna mji uliochorwa na mtu aliyeshindwa?

Mzee wa Dira:

Msomaji hapo hali inakuwa mbaya zaidi. Kuna mji uliochorwa na aliyeubomoa.

Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, leo Mexico City ipo palepale. Mhispania Hernán Cortés aliuteka Agosti 1521 baada ya kuuzingira na ndui ikiwa imeshaua watu ndani, halafu akauvunja. 1524 kule Nuremberg wakachapa barua zake kwa mfalme kwa Kilatini na ndani yake kuna picha ya huo mji. Mji wa duara katikati ya ziwa, barabara zimepita juu ya maji, katikati kuna hekalu na rafu za mafuvu, maandishi ya Kilatini yanakueleza hapa ndo wanapotoa kafara na haya ni mafuvu ya waliotolewa. Na kando ya ziwa kuna bendera kubwa ya ukoo wa Habsburg, yule tai mwenye vichwa viwili.

Kwa hiyo Mjerumani au Mwitaliano anayenunua kitabu 1524 anauona mji mzuri kuliko Venice, mzima, na bendera ya Charles V inapepea. Wakati hekalu lile lilishabomolewa miaka mitatu nyuma na mawe yake yanajengea nyumba za Wahispania. Wenyeji walikuwa na wachora ramani wao hodari, na wataalamu wengi wanaona picha hii ina damu ya mchoro wa kienyeji ndani yake. Tai hayumo kwenye huo wa kienyeji, nina hakika na hilo.

Mtu wa Kilwa:

Mzee wa Dira umetuahidi kitu cha pwani tumekaa tu. Au ndo ulikuwa unatuvutia wateja?

Mzee wa Dira:

Mtu wa Kilwa tulia, zamu yako imefika.

1572 kule Cologne, Ujerumani, kasisi mmoja Georg Braun na mchonga mabamba ya shaba Franz Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha miji ya dunia. Kiliendelea mpaka juzuu ya sita mwaka 1617, picha zaidi ya 500. Sasa kwenye hiyo juzuu ya kwanza kuna ukurasa ambao juu umekaa mji wa Aden, kule Yemen, kwa ukubwa, na chini yake kuna vipicha vitatu vidogo. Mombaza. Quiloa. Cefala. Mombasa, Kilwa na Sofala ya Msumbiji. Nilipoona mara ya kwanza nilisimama kabisa kwenye kiti.

Cologne hakuna aliyekuwa amefika Kilwa kuchora. Braun anamshukuru mfanyabiashara wa hapohapo mjini, Constantin van Lyskirchen, kwa kumpatia picha za miji ya Afrika na Asia, na chimbuko la picha hizo ni Wareno. Na ukiangalia unaona kabisa, kwa sababu unatazama kutoka baharini kwa juu kidogo, kule anakoingilia mwenye meli yenye mizinga. Mji wa mawe umesongamana, umependeza.

Ila nyuma ya huo mtazamo kuna hii habari. Julai 1505 Mreno Francisco de Almeida aliingia Kilwa na kundi la meli, Amir Ibrahim aliyekuwa anatawala akakimbia, Wareno wakamtawaza mtu wao, wakajenga ngome. Agosti akapanda Mombasa akaipora na kuichoma. Mwaka huohuo wengine wakajenga ngome Sofala. Aden yenyewe hawakuiweza, kamanda wao Albuquerque alijaribu 1513 akashindwa. Halafu Kilwa wakaihama 1512. Kwa hiyo 1572 kitabu kinatoka, Kilwa hakuna Mreno mwenye ngome kwa miaka 60, na Mombasa walishaichoma zaidi ya mara moja. Lakini mnunuzi wa Ulaya anafunua ukurasa anaiona imekaa mstari mmoja na nyingine, kama vyeo kwenye gwanda. Ukikionyesha kitu kwenye karatasi kama umeshakipitia, nani atakwenda kuhakiki?

Na Fort Jesus bado haipo kwenye hiyo picha, ujenzi ulianza 1593, na aliyeisanifu, Giovanni Battista Cairati, ni Mwitaliano wa Milan. Kwa hiyo tukisema Italia ya wakati huo ni mbali na sisi, waulizeni watu wa Mombasa wanaopita pale kila siku kwenda sokoni.

Mtu wa Kilwa:

Nimekaa kimya dakika tano. Babu yangu alikuwa anatuambia kisiwani kuna kila jiwe lina jina. Kumbe kule kwa watu tulikuwa kipicha cha tatu chini ya Aden.

Mzee wa Dira:

Cha katikati mkuu. Katikati ya Mombasa na Sofala.

Abuu Mswaki:

Nina dukuduku. Hizo picha za Braun nimeziona, kila mji kuna watu wamesimama mbele wakubwa na nguo zao za kienyeji kama wanapigwa picha ya harusi. Wa nini?

Mzee wa Dira:

Abuu hii ndo kali ya uzi mzima. Braun ametoa sababu kwenye utangulizi. Anasema watu wale wamewekwa ili Waturuki wasitumie kitabu hicho kivita, kwa sababu dini yao hairuhusu kutazama sura za watu zilizochorwa. Yaani mwanamke wa Cologne na kikapu chake ndo ngao ya mji.

Abuu Mswaki:

Astaghfirullah nimecheka peke yangu kwenye daladala. Sultani mwenye mizinga ya kubomoa kuta za Constantinople azuiwe na kikapu!

Mzee wa Dira:

Na ikulu ya Sultan Suleiman mwenyewe ilikuwa na vitabu vimejaa watu waliochorwa, wapanda farasi, maaskari, mabalozi wanapiga magoti. Tena Waosmani walikuwa na fundi wao wa kuchora miji, Matrakçı Nasuh. Suleiman alipokwenda vitani Iraq kati ya 1534 na 1536 huyu bwana alichora vituo vya safari, Istanbul, Tabriz, Aleppo, Baghdad, kitabu kikakamilika 1537. Na cha ajabu ni kwamba kwenye picha zake ndo hakuna watu kabisa. Misikiti, ngome, mito, maua, wanyama porini, lakini mtu hata mmoja hayumo. 1543 meli za Barbarossa, amiri wa jeshi la majini la Waosmani, zilipokwenda kusaidiana na Wafaransa, akachora Nice, Toulon na Genoa. Kwa hiyo wakati Braun anapanga vikapu, miji ya Wazungu ilishakuwa Istanbul kitabuni miaka karibu 30.

Mchonga Mihuri:

Wakuu mimi nachonga mihuri ya mbao na raba, nimesoma uzi wote, turudi kwenye zile mbao sita. Mpea ni mti mzuri, unakubali mstari mwembamba. Ila mbao ukishakosea umekosea. Sasa mji unabadilika, jengo likivunjika au likijengwa jipya wanafanyaje? Wachonge upya mita tatu?

Mzee wa Dira:

Mchonga Mihuri asante, hili nilikuwa nimelisahau na wewe ndo utalielewa kuliko sisi. Mnara wa San Marco ulipigwa radi 1489, paa la juu likaungua, wakaweka paa la muda, fupi, limelala. Kopi za kwanza za 1500 zinauonyesha mnara hivyohivyo na kipara chake, na picha ina mwaka kwa tarakimu za Kirumi, MD, yaani 1500. Ile sehemu moja ambayo haikupambwa ni hiyo.

Halafu kati ya 1511 na 1514 mnara ukajengewa kilele kipya kirefu na malaika juu. Picha ikawa imepitwa na wakati. Wakalitoboa lile pande la ubao penye mnara, wakapachika kipande kingine, wakachonga kilele kipya, na ule mwaka wakaufuta. Kopi zilizotoka baada ya hapo ni mji wa kisasa usio na tarehe.

Mchonga Mihuri:

Kupachika kipande tunafanya hadi leo. Ila kiungo huwa kinaonekana, wino unakaa tofauti kwenye mshono.

Mzee wa Dira:

Na hawakuishia hapo. Baadaye, kwenye toleo la tatu, wakaling'oa hilo pachiko na kuurudisha mnara mfupi wa zamani, ili picha ionekane ya kale. Mbao zenyewe zote sita zipo Venice kwenye jumba la makumbusho la Correr. Ukifika nenda na kioo chako cha kukuzia ukaangalie huo mshono, halafu urudi hapa utuambie.